Volti 12 Ndani ya Nguzo: Taa za Mabaraza ya Mbao Mjini Toronto

Wasikilizaji walioko Mombasa, Zanzibar au Kampala wamezoea jua linalotua karibu wakati ule ule mwaka mzima. Baina ya saa kumi na mbili na saa moja jioni giza huanza kuingia, iwe Juni au Desemba. Katika jiji la Toronto nchini Kanada, lililo karibu nyuzi 44 kaskazini mwa Ikweta, mambo sivyo. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza kiasi cha saa mbili kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na mchana wote hautimii saa tisa. Anayerudi kutoka kazini huikuta nyumba gizani, na ngazi za mbao zimefunikwa na theluji au, mbaya zaidi, na utando mwembamba wa barafu usioonekana kwa macho.

Wakala wa Afya ya Umma wa Kanada umekuwa ukieleza kwa miaka mingi kwamba kuanguka ndiyo sababu kuu ya wazee wa nchi hiyo kulazwa hospitalini kwa majeraha. Kwa hiyo taa ndogo iliyopachikwa kwenye nguzo ya ukingo wa ngazi si pambo tu. Humwonyesha bibi mwenye umri wa miaka 70 mahali kidato cha mwisho kilipo. Lakini nguzo hiyo hiyo inayobeba taa ndiyo inayomzuia asitumbukie chini akiteleza, na kazi ya kupitisha waya ndani yake ikifanywa ovyo huweza kuidhoofisha.

Mfano mzuri unapatikana Agincourt, mtaa ulio kaskazini-mashariki mwa Toronto katika eneo la Scarborough, ambalo lilikuwa na utawala wake hadi lilipounganishwa na Toronto mwaka 1998. Jina la Agincourt ni la vita vya mwaka 1415 kati ya Uingereza na Ufaransa, nalo lilifika hapo mwaka 1858, ilipofunguliwa ofisi ya posta katika duka la John Hill. Wakati huo palikuwa mashambani. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia mashamba yalikatwa viwanja, zikajengwa nyumba nyingi za chini zenye ua upande wa nyuma. Leo wakazi wake wengi wana asili ya China, Sri Lanka, India na nchi nyingine za Asia. Toronto kwa jumla ina Waafrika Mashariki wa kila aina, zikiwemo familia za Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 na kupokewa Kanada.

Nyuma ya nyumba za namna hiyo hujengwa sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, ambayo Wakanada huiita deki. Mswahili analijua neno hilo kwa njia nyingine: kupiga deki ni kusafisha sakafu kwa maji na tambara, msemo uliotokana na kazi ya mabaharia ya kuosha sakafu ya meli. Kwa shughuli zake, hata hivyo, deki ya Toronto inakaribiana zaidi na baraza. Ndipo watu wanapokaa jioni za kiangazi, ndipo nyama huchomwa, na ndipo mgeni asiye na haja ya kuingia ndani hupokelewa. Kwa hiyo katika maelezo haya itaitwa baraza la mbao.

Baraza likiinuka zaidi ya sentimita 60 kutoka ardhini, kanuni za ujenzi za jimbo la Ontario huagiza liwekewe ukingo, na Jiji la Toronto hudai kibali cha ujenzi. Kimo cha ukingo kisipungue sentimita 90, na sakafu ikiwa juu ya ardhi kwa zaidi ya mita 1.8, kimo hicho hupanda hadi sentimita 107. Nguzo za ukingo kwa kawaida ni mbao za mraba ambazo wauza mbao huziita nne kwa nne, yaani inchi nne kila upande, ingawa mwenye kuzipima hukuta inchi tatu na nusu tu, sawa na milimita 89. Ndani ya unene huo ndimo waya unapopita.

Mfumo wenyewe si mgumu kueleza. Umeme wa soketi za kawaida nchini Kanada ni wa volti 120. Kwenye ukuta wa nje hufungwa transfoma inayoushusha hadi volti 12. Kutoka hapo hutoka waya wa nyuzi mbili za shaba, ukapita chini ya sakafu ya baraza, ukapanda katika kila nguzo, na kuishia kwenye taa ndogo iliyo ubavuni mwa nguzo au iliyofichwa ndani ya kofia inayoifunika nguzo juu. Taa zote huunganishwa sambamba, hivyo moja ikifa nyingine huendelea kuwaka.

Volti 12 ndizo za betri ya gari, na kila aliyewahi kushika vichwa vya betri kwa mikono mikavu anajua kwamba havimrushi mtu. Hapo ndipo hadhari ya wengi inapolegea. Wanadhani umeme usiorusha hauna madhara yoyote, na kwamba kazi yake haihitaji uangalifu unaostahili umeme wa nyumbani. Hesabu ndogo inaonyesha vinginevyo.

Nguvu ya taa, inayopimwa kwa wati, ni volti zikizidishwa kwa mkondo, ambao hupimwa kwa ampia. Volti zikipunguzwa mara kumi, mkondo hauna budi kuongezeka mara kumi ili taa itoe mwanga ule ule. Chukua baraza lenye nguzo 10, na kila nguzo ina taa ya zamani ya halojeni ya wati 20. Jumla ni wati 200. Kwa volti 120 mkondo wake ungekuwa ampia 1.7 tu, lakini kwa volti 12 ni karibu ampia 17, mkondo unaotosha kuendesha pasi ya umeme katika nyumba ya Toronto. Joto linalotokea penye kiungo kibovu nalo hukua kwa mraba wa mkondo. Kiungo kilicholegea, chenye ukinzani wa sehemu moja tu ya kumi ya omu, kikipitiwa na mkondo huo hutoa joto la wati 28, kupita taa yenyewe, katika nafasi isiyozidi ncha ya kidole. Pembeni yake pana mbao kavu na majani yaliyokusanyika chini ya sakafu tangu vuli. Mkono utakaokigusa hautarushwa na umeme, ila utaungua, na mbao zaweza kuungua pia.

Taa za diodi, zijulikanazo kwa herufi za LED, zimebadilisha hali hiyo kwa kiasi kikubwa. Taa ya wati 2 inatosha kumulika kidato cha ngazi. Kumi za namna hiyo hutumia wati 20, mkondo unarudi kwenye ampia 1.7, na kiungo kile kile kibovu hutoa joto la sehemu moja ya mia ya lile la kwanza. Pengine hakuna kanuni iliyoleta usalama mkubwa kwa kazi hii kuliko mabadiliko hayo ya taa. Hatari imebaki kwa mwenye nyumba aliyerithi transfoma kubwa na nyaya za zamani, na kwa yule anayeongeza taa kidogo kidogo kila mwaka bila kujumlisha wati. Mafundi hushauri transfoma isibebeshwe zaidi ya asilimia 80 ya uwezo ulioandikwa juu yake.

Hesabu ile ile inaeleza kwa nini taa za mwisho hufifia. Kila mita ya waya hula sehemu ya volti. Amerika Kaskazini unene wa waya hutajwa kwa namba za geji, na hizo humpotosha fundi aliyejifunza kazi kwa milimita za mraba, kwa sababu namba ikiwa kubwa waya huwa mwembamba. Waya wa geji 12 una milimita za mraba 3.3, ilhali wa geji 18 una milimita 0.8 tu. Transfoma ikiwa umbali wa mita 15 kutoka kwenye baraza, umeme husafiri mita 30, kwenda na kurudi. Kwa zile taa 10 za LED, waya wa geji 12 utapoteza robo ya volti, jambo lisiloonekana kwa jicho. Waya wa geji 18 utapoteza zaidi ya volti moja kabla ya nguzo ya kwanza kufikiwa. Kwa taa za halojeni hata waya mnene wa geji 12 ungepoteza volti mbili na nusu, na taa zingefifia waziwazi. Fundi mwenye busara hauingizi waya kwenye nguzo ya mwisho na kuzifuata nguzo moja baada ya nyingine hadi upande wa pili. Huuleta katikati ya baraza, kisha akaugawa kulia na kushoto, na mwanga ukalingana.

Sasa nguzo yenyewe. Mtu anapoegemea ukingo, nguzo hupinda kidogo, na mkazo mkubwa huwa kwenye nyuso zake za nje, hasa chini, pale ilipofungwa kwa bolti kwenye boriti ya sakafu. Katikati ya nguzo mkazo karibu haupo. Ndiyo maana tundu la milimita 12 lililopita katikati kabisa, kutoka chini hadi juu, halipunguzi nguvu kwa kiasi cha kutiliwa maanani. Kinachodhoofisha ni kuchonga mfereji mpana kwenye uso wa nje, na zaidi ya hapo ni kukata pengo karibu na bolti ili waya upite kwa urahisi. Nguvu ya mti ya kuhimili kupinda hufuata mraba wa unene wake, kwa hiyo nguzo iliyokatwa nusu ya unene haibakiwi na nusu ya nguvu, bali robo. Kwa macho ukingo utaonekana mzima, hadi siku watu sita watakapouegemea ili wapigwe picha.

Kutoboa nguzo ya mita moja kwa urefu wake kunahitaji keekee ndefu na mkono uliotulia. Mafundi hutoboa nusu kutoka juu na nusu kutoka chini, kabla nguzo haijasimamishwa. Kwa nguzo ambazo tayari zimesimama, ni afadhali kufuata njia isiyougusa mti kwa ndani: waya hupandishwa kwenye kona ya nguzo inayotazama nje na kufunikwa kwa ubao mwembamba. Wengine huvisha nguzo gamba la plastiki lililo wazi kwa ndani, na waya ukapita kati ya gamba na mti. Njia hiyo haina uzuri wa ile ya kwanza, lakini haimwachii mwenye nyumba ukingo wa mashaka.

Lipo jambo jingine ambalo wengi wanaotoboa nguzo kuukuu hawalifahamu. Hadi mwisho wa mwaka 2003, mbao za kujengea mabaraza nchini Kanada zilitiwa dawa yenye shaba, kromi na aseniki ili zisiliwe na wadudu wala kuoza. Tangu 2004 dawa hiyo haitumiki kwa mbao za majumbani. Baraza lililojengwa kabla ya hapo na ambalo halijabadilishwa mbao huenda bado lina sumu hiyo, na unga unaotoka kwenye keekee haufai kuvutwa puani. Fundi hufunika pua na mdomo, hutandika turubai chini ili kukusanya unga, na mabaki hayachomwi kamwe, hata kwenye jiko la kuchomea nyama. Dawa zilizochukua nafasi yake zina shaba nyingi zaidi na hula chuma cha kawaida, kwa hiyo skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu au zilizopakwa zinki nzito, na kitu cha alumini kisigusane moja kwa moja na mbao.

Majira ya baridi ndiyo mkaguzi mkali kuliko wote. Maji huingia katika kiungo wakati wa vuli, huganda Januari, hutanuka na kukipanua, kisha huyeyuka Machi yakiwa yamechanganyika na chumvi iliyomwagwa kuyeyusha barafu. Kiungo kilichofungwa kwa utepe mweusi peke yake hakipiti miaka miwili. Kinachodumu ni kiungo kilicholehemiwa au kubanwa barabara, kikavikwa kifuniko kilichojazwa grisi isiyopitisha maji. Kabla ya waya kuingia kwenye taa huachwa uning'inie kidogo kama kamba ya nguo, ili tone la maji lianguke kutoka mahali palipo chini badala ya kuufuata waya hadi ndani. Aidha, huachwa sentimita 15 au 20 za ziada ndani ya kila nguzo. Atakayebadilisha taa baada ya miaka 10 atashukuru.

Upande wa volti 120 ndio usio na mzaha. Transfoma huchomekwa katika soketi ya nje yenye kinga inayokata umeme mara tu mkondo mdogo wa kiasi cha miliampia 5 unapovuja kwenda ardhini, na soketi huwa na kifuniko kinachozuia mvua hata plagi ikiwa ndani. Kama soketi ya namna hiyo haipo, kuiweka ni kazi inayosimamiwa na Mamlaka ya Usalama wa Umeme ya Ontario, iliyoanzishwa mwaka 1999. Tangu Januari 2007, anayelipwa kufanya kazi ya umeme katika nyumba ya mtu jimboni humo lazima awe mkandarasi mwenye leseni. Mwenye nyumba anaruhusiwa kuifanya mwenyewe, lakini ni sharti aiarifu Mamlaka hiyo ili kazi ikaguliwe. Seremala aliyejenga baraza hana ruhusa ya kuongeza soketi kama fadhila, hata akiwa na ujuzi.

Sharti hilo huwauma baadhi ya wahamiaji. Fundi umeme mwenye cheti na uzoefu wa miaka 15 Nairobi au Dar es Salaam hawezi kuajiriwa Toronto kwa kazi hiyo kabla ujuzi wake haujatathminiwa na kutambuliwa na Skilled Trades Ontario, taasisi iliyochukua jukumu hilo mwaka 2022. Tofauti za kanuni ni za kweli, kwani volti, rangi za nyaya na hata namna ya kutaja unene wake si zile alizozoea. Hata hivyo ni rahisi kuona kwa nini wengine hushawishika kufanya kazi za pembeni bila leseni, na kwa nini jirani anayewapa kazi hizo hufurahia bei. Ikitokea ajali ya moto, fundi na jirani wote wawili watakuwa matatani, kwani bima itataka kujua ni nani aliyefanya kazi hiyo.

Vifaa navyo huangaliwa nembo. Ontario hukubali nembo za taasisi za uthibitisho zinazotambuliwa nchini Kanada, kama ile ya CSA. Herufi za CE, ambazo ni za soko la Ulaya, hazitoshi. Na kama waya utalazimika kuvuka ua chini ya ardhi, sheria ya Ontario ya mwaka 2012 humtaka mchimbaji aombe kwanza kuonyeshwa mahali mabomba ya gesi na nyaya nyingine zilipo, huduma ambayo mwenye nyumba hailipii.

Msikilizaji aliye Afrika Mashariki asidhani hesabu hizi hazimhusu. Mitambo midogo ya umeme wa jua iliyoenea vijijini kuanzia miaka ya 2010, ikiuzwa na kampuni kama M-KOPA ya Kenya, imeifanya taa isiyotumia umeme wa gridi kuwa jambo la kawaida, na katika nyumba nyingi zenye paneli na betri kubwa zaidi umeme unaotumika ni wa volti 12. Taa ya kwenye zizi, mita 20 kutoka kwenye betri, inapowaka kwa unyonge, mara nyingi betri haina kosa. Waya uliotumika ni mwembamba kupita kiasi, na dawa yake ni ile ile ya Agincourt. Lakini anayetaka kumpelekea ndugu yake Tanga transfoma iliyonunuliwa Toronto afikiri mara mbili, kwani imetengenezwa kwa volti 120, na ikichomekwa katika soketi ya Tanzania itaungua papo hapo.

Taa zenye paneli zake zenyewe zinazovikwa juu ya nguzo zinauzwa Toronto pia, nazo hazihitaji waya wala fundi. Zinafaa Julai. Desemba, paneli ikiwa chini ya theluji na mchana ukiwa wa saa tisa zenye mawingu, hulala mapema kuliko mwenye nyumba.

Mwanga wenyewe usipite kiasi. Toronto imo katika njia ya mamilioni ya ndege wanaohama kila mwaka masika na vuli, na tangu mwaka 1993 shirika la FLAP limekuwa likiokota ndege waliojigonga kwenye majengo ya jiji hilo na kueleza jinsi taa za usiku zinavyowapotosha. Taa ya nguzo yenye rangi ya manjano iliyopoa, iliyofunikwa juu ili imulike chini tu, humtosha mpita ngazi, haimkeri jirani na haiwaiti ndege. Mwanga mkali unaopiga machoni humharibia mtu uwezo wa kuona gizani, naye hukanyaga pasipo.

Limebaki suala la kuwasha na kuzima. Wengi huanza na saa iliyomo ndani ya transfoma, wakaitegesha saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Lakini Kanada ni nchi ambayo sehemu zake nyingi, Ontario ikiwemo, husogeza saa mbele Machi na kuzirudisha nyuma Novemba, na jua lenyewe husogea kila wiki. Juni taa zitawaka mchana kweupe, na Desemba zitachelewa. Ni afadhali jicho la kutambua mwanga, ambalo halijali saa wala mwezi. Lifungwe upande usiomulikwa na taa zenyewe, ama sivyo zitawaka na kuzimika usiku kucha.